Mfalme Aliyekula Samaki

Siku mfalme alipompanda Kalozara kichwani mbele za watu, amri yake ya kwanza ilikuwa mama mkwe aondoke kwenye kiti.

"Nani yule amekaa juu na mimi niko chini?" Sauti ilitoka kooni kwa Kalozara, nzito, ya mzee wa kiume, na mkono wake ukanyooka moja kwa moja kwa Bibi Velo. "Ashuke!"

Bibi Velo, mama mzazi wa Tombo, alikuwa anachambua mchele. Alimtazama mkwewe aliyejifunika shuka jeupe, kisha akamtazama mwanawe.

"Tombo, unamsikia mkeo?"

"Si mke wangu anayesema, mama. Shuka tu yaishe."

"Kiti hiki nilinunua mimi kwa jasho langu!"

"Mama, tafadhali. Watu wanatazama."

Bibi Velo akashuka. Akakaa mkekani na ungo wake, magoti yakilia. Sisi majirani tuliojazana mlangoni tukapiga makofi ya heshima, "Koezi, Mfalme! Koezi!", lakini wengine tulikuwa tumeuma midomo tusicheke. Jamani, mke gani hapa Antsahabe hajawahi kutamani kumshusha mama mkwe kitini? Kalozara kapata njia, tukanong'onezana. Ndivyo tulivyo. Pepo tunamwamini na tunamshuku kwa pumzi ile ile.

Alipoulizwa jina, hakuzungusha maneno. "Mimi ni Ndramandio," alisema, na vicheko vikakauka.

Kwa maana Ndramandio si pepo wa kuchezea. Mifupa yake imo ndani ya nyumba ya mzimu wetu, katika sanduku la mti, na kila mwaka tunaiogesha kwa maji ya mto na asali. Ndiye yule ambaye, askari wa nyanda za juu walipomzingira, alijitupa katika mto Betsiboka akafa maji kuliko kutiwa kamba. Watoto wetu wanajifunza ushujaa kwa jina lake. Na kiti chake kilikuwepo tayari: Bibi Soatody, ambaye mfalme humpanda tangu ujana wake, na kila akija huja akikohoa maji kama mtu aliyeopolewa sasa hivi.

Kalozara hakukohoa hata kidogo. Kila mtu aliliona hilo.

Mfalme kuchagua kiti cha pili si ajabu kwetu. Lakini lazima apimwe na walinzi wa mzimu. Akipita, mwanamke huyo hupewa heshima zote. Akishindwa, ni kiti cha uongo, na kiti cha uongo hakilali ndani ya ua wa mzimu. Nyumba ya Tombo ilikuwa ndani ya ua ule. Babu zake waliishi pale, kwa sababu ukoo wao ndio wachota maji, ndio waoshao mifupa. Ni Wamakua, waliletwa na majahazi kutoka ng'ambo zamani hizo. Kwa adabu tunawaita "watu wa mfalme". Kwa ukweli mnajua tunamaanisha nini.

Watu walipoondoka na mfalme naye akaondoka, Kalozara aliamka jasho likimtiririka. Akamwona mama mkwe yuko chini.

"Mama, mbona umekaa mkekani?"

Bibi Velo alisonya kwa sauti ndefu, akabeba ungo wake akatoka.

*

Tombo alikuwa mchoma mishkaki barabarani, na mchoma mishkaki hujua nyama iliyolala kwa kuinusa tu. Jambo hili lilikuwa linamnukia vibaya.

Mfalme aliporudi mara ya pili alidai kitambaa. Si kitambaa chochote: kile chenye mstari mwekundu kilichoning'inia dukani kwa Muhindi, ambacho Kalozara alikuwa amekikodolea macho mpaka mwenye duka akamuuliza kama anataka kukinunua au kukioa. Tombo akatoa pesa ya mkaa, akakinunua. Usiku ule hakuwa na cha kuchomea nyama, akakaa nyumbani anapigwa na mawazo.

Mara ya tatu mfalme akadai Tombo mwenyewe amwoshe miguu. Tombo akapiga magoti mbele ya mke wake, akaosha ile miguu aliyoijua, yenye kovu la kisu cha nazi kwenye kisigino. Mfalme akamtazama kutoka juu, na machozi yakawa yanamtoka. Tombo hakujua ayaweke wapi machozi yale. Mfalme gani humlilia mtumishi?

"Mfalme huyu ana macho ya mke wangu," alimwambia mama yake kesho yake. "Anataka vile anavyotaka yeye."

"Sasa ndiyo umefumbuka? Mimi nilijua tangu siku ya kiti."

"Nitampima mwenyewe, kabla walinzi hawajampima."

Mfalme aliyekufa majini hali samaki wa mtoni. Huo ndio mwiko wake mkuu: samaki wale walikula mwili wake, naye hawezi kuwala. Bibi Soatody hajagusa samaki miaka yote, hata akialikwa harusini huuliza kwanza kilichomo chunguni. Basi Tombo akanunua perege, akampika mwenyewe kwa nazi, akamchambua miiba, akamchanganya na mboga za majani mpaka hata paka angepita asitambue.

Mfalme alipokuja, Tombo akatandika mkeka, akaweka sahani kwa mikono miwili. Alitamani mfalme akiteme chakula, awake, ampige kofi. Angefurahi kupigwa.

Mfalme alionja. Akatafuna polepole. Kisha akala kwa pupa, akalamba vidole kimoja kimoja.

"Nani kapika?"

"Mimi, Mfalme."

"Una mkono mzuri. Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa gani, Mfalme?"

"Usinifanye mtoto. Kichwa cha samaki. Ndipo penye utamu."

Tombo akaenda jikoni, akakitoa kichwa chunguni, akamletea. Mfalme akakinyonya mpaka macho. Tombo alikaa pale anamtazama mke wake akila mwiko ule, na hasira na huruma zikawa zinagombana kifuani mwake. Mke aliyemwoa kwa mapenzi, mke asiyejua kudanganya hata bei ya mkaa, leo anawadanganya wafu.

Kalozara alipoamka alijipangusa mdomo, akanusa vidole.

"Umemlisha nini?"

"Mboga."

"Tombo. Umemlisha nini?"

"Ulikuwepo, wewe ndiye unajua!" alifoka.

Kalozara alianza kukusanya vyombo. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, "Hata wewe?" Akaenda kuosha sahani.

*

Tombo alimwambia mama yake peke yake, naye akaapa kutosema. Aliapa kweli, lakini Bibi Velo alikuwa bado anaumwa magoti. Kabla jua halijapanda vizuri, habari ya perege ilikuwa imefika kwa Mzee Tsimandry, mkuu wa walinzi.

Mzee Tsimandry ni mtu wa damu ya kifalme, mwembamba, na fimbo yake yenye kichwa cha fedha huitangulia miguu yake. Maisha yake yote hakuwahi kuingia nyumbani kwa ukoo wa Tombo. Siku ile pia hakuingia. Alisimama mlangoni, akaweka leso puani kwa moshi wa mkaa.

"Mchota maji."

"Naam, bwana mkubwa."

"Nasikia nyumbani kwako mfalme anakula perege."

Tombo akainamisha kichwa.

"Sikuja kukutisha. Baba yako Namuka alinitumikia vizuri, Mungu amrehemu. Jumatatu tunampima mkeo. Nitakuuliza mbele za watu alikula nini, nawe utasema. Basi. Mwanamke atatoka nje ya ua, wewe na mama yako mtabaki. Nyumba ni yenu, kazi ni yenu."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza mtatoka wote, maana mtakuwa mmeficha uongo pamoja." Akageuka kuondoka, kisha akakumbuka. "Na ile pesa ya asali ya kuogeshea, nitakupa nikipata nafasi. Iliyobaki ya mwaka jana pia."

Hiyo ya mwaka jana Tombo alikuwa ameshaisahau kwa kukata tamaa.

Kalozara alikuwa nyuma ya pazia, na alisikia yote. Alitoka, akakaa mbele ya mumewe.

"Utasema?"

"Niseme nini, Kalo? Kwamba hukula?"

"Sijui kama nilikula. Ninachojua nikiamka tumbo limejaa." Akakunja kanga yake magotini. "Sema ulichokiona. Lakini usiseme usichokiona. Usiseme kwamba ni mimi."

*

Jumatatu ua ulifurika. Walinzi walikaa kwenye mikeka yao upande wa mashariki, wenye damu ya kifalme nyuma yao, sisi wengine juani. Akodioni ikaanza kulia, ubani ukafukizwa, na Kalozara akafunikwa shuka jeupe. Hakukawia. Bega likatikisika, kichwa kikaanguka kifuani, kilipoinuka ile sauti ikaamkia: "Nimekuja."

"Koezi!" tukaitikia.

Mzee Tsimandry hakuitikia. "Mchota maji aje mbele. Apa kwa wafu wa kwenu, halafu useme. Huyu anayejiita Ndramandio amekula nini nyumbani kwako?"

Tombo alipiga magoti. Alimtafuta mke wake katika uso ule, hakumpata.

"Samaki," alisema.

"Paza sauti."

"Samaki! Perege wa mtoni."

"Akafanya nini?"

"Akaomba kichwa."

Watu wakaangua kicheko, wengine wakazomea. Bibi Velo, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake, hakucheka. Aliinama akawa anachora mchanga kwa kidole. Alikuwa ameanza kuona nyumba inavunjika kweli, si kwa maneno ya jikoni.

Mzee Tsimandry akainua fimbo. "Imetosha. Lakini ili asije mtu akasema tumemwonea, mwiteni Ndramandio wa kweli. Mfalme mmoja hapandi vichwa viwili kwa wakati mmoja. Akija kwa Bibi Soatody, huyu mwingine tutajua ni nani."

Bibi Soatody alikuwa ameketi kwenye kiti cha kifalme, kile chenye mkono uliochongwa mamba. Wakamfunika shuka. Akodioni ikabadili wimbo. Mara tukasikia kikohozi, kile kile tulichozoea tangu utoto, cha mtu anayetapika mto. Mfalme wetu alikuwa amekuja. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kalozara alikuwa bado amekaa mkekani, na yule aliye ndani yake hakuondoka. Wafalme wawili wakatazamana.

"Mmoja hapa ni mwongo," alisema Mzee Tsimandry.

"Kweli," ilisema sauti ya Kalozara, pasipo hasira. Akamgeukia Bibi Soatody. "Namuka, mpaka leo unakohoa?"

Kikohozi kikakatika.

Nawaambia nilichokiona, wala sikuhadithiwa. Bibi Soatody, mwanamke ambaye akipandwa na mfalme hata walinzi humpigia magoti, aliinuka kwenye kiti kile. Akateremka. Akakaa chini kwenye mchanga, miguu ameikunja upande kama wanavyokaa wachota maji, akapiga makofi taratibu, kichwa kimeinama. Alikuwa anasubiri kutumwa.

"Askari walikuwa wanakuja," ilisema ile sauti. "Nilimwambia Namuka, nipe nguo yako, vaa yangu. Hakuniuliza kwa nini. Akakimbilia mtoni, wakamfuata yeye. Mimi nilijifunga kanga ya mwanamke, nikapita upande wa mashamba ya chumvi. Nilizeeka huko, nikawa navua, nikawa nakula. Samaki wa mto ule hawakunila mimi. Walimla huyu. Na kila mwaka mnaniita kuoga, nikija nakuta maji mmemwagia mtu mwingine. Naona haya. Ndiyo maana nimekuja, naona haya."

"Zima akodioni!" Mzee Tsimandry alikuwa amesimama, fimbo ameielekeza kwa Kalozara. "Zima! Mwanamke huyu ametumwa! Jina la Namuka kalipata wapi? Si jina la mkwewe? Si jina wanalorithishana nyumbani kwao? Anataka tuiname mbele ya mifupa ya mtumwa!"

"Na Bibi Soatody?" mtu mmoja aliropoka kutoka nyuma.

"Ameteleza! Ni mzee, miguu haina nguvu. Ameteleza."

"Ameteleza," wakadakia walinzi.

"Ameteleza," wakaitikia wenye damu ya kifalme, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Bibi Soatody alizinduka, akapangusa mchanga. "Mbona niko chini?" akauliza.

*

Hukumu ilikuwa fupi. Kalozara ni kiti cha uongo, atoke nje ya ua. Tombo na mama yake wabaki, maana kuogesha kumekaribia na hakuna ukoo mwingine unaoruhusiwa kushika mifupa.

Kalozara alifunga nguo zake katika kile kitambaa chenye mstari mwekundu. Tombo alisimama mlangoni, hajui amzuie au ampishe.

"Niambie mimi peke yangu," alisema. "Siku ile uliyonikuta Tsimandry ananituma kama mbwa mbele ya watoto, ulilia. Ulisema siku moja watakuja kuinama. Umelifanya hili kwa ajili yangu, Kalo? Sema tu, sitakasirika."

"Tombo, mimi sikuwepo."

"Na jina la baba?"

"Sikuwepo, nimekwambia. Ukitaka kumuuliza, muulize yeye. Lakini mimi ndiye ninayefukuzwa." Alibeba furushi lake kichwani. "Mimi nilidhani utaniuliza nitalala wapi."

Hilo lilimchoma kuliko hukumu. Alikaa kidogo, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akaegemeza ngazi, akaanza kung'oa mabati. Bibi Velo akatoka mbio.

"We mtoto, una wazimu? Nyumba wametuachia!"

"Wamekuachia wewe, mama. Mke wangu hawezi kulala nje nami nikalala ndani."

"Hata kama amekudanganya?"

"Hata kama." Msumari ulilia, ukatoka. "Mimi pia nilimdanganya. Nilimwambia ni mboga."

Bibi Velo alisimama pale, mikono kiunoni, anamtazama mwanawe juu ya paa. Alikuwa na maneno mengi mdomoni. Mwisho akasema, "Yakunje vizuri, usiyapinde," akaingia ndani, akatoka na kiti chake kichwani.

Walijenga kibanda nje ya ua, upande wa pili wa barabara. Mishkaki ilikaa siku kadhaa bila mnunuzi. Watu walipita wakiangalia pembeni, wengine wakiuliza kwa sauti kama nyama ile haina mwiko. Lakini walikuwa wanapita wengi mno kwa watu wasiotaka kununua, na wote macho yao yalikuwa kwa Kalozara.

*

Siku ya kuogesha, Tombo aliingia na mitungi yake kama baba yake na babu yake. Chumba cha mzimu ni kidogo na kina giza. Miaka yote wenye damu ya kifalme hugombania nafasi humo, huyu anashika taa, yule anashika kitambaa, kila mmoja anataka kidole chake kiguse angalau ukingo wa sanduku.

Mwaka huu alikuwemo Mzee Tsimandry peke yake. Wengine walikuwa na mafua, wengine safari.

Mzee alifungua sanduku, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Osha," alisema.

"Bwana mkubwa hushika kitambaa."

"Shika mwenyewe. Osha."

Tombo akatia mikono. Aliosha polepole, kwa maji na asali ile ambayo pesa yake hakuwa amelipwa. Alikuwa bado hajui mke wake ni mkweli au mwongo. Lakini aliosha mfupa wa mkono, mwembamba na mrefu kama wa kwake. Maneno yakamponyoka.

"Pole, babu," alinong'ona.

Alijua Mzee Tsimandry amesikia. Alisubiri fimbo mgongoni. Fimbo haikuja. Alipogeuka, mzee alikuwa ameutazama mlango.

Kwetu maji yaliyoogesha mifupa ni dawa. Watu hupanga foleni na chupa, wenye damu ya kifalme kwanza, na mke wa Mzee Tsimandry huwa wa mbele kabisa na dumu. Tombo alipotoa mitungi uani, hakukuwa na foleni. Wakubwa walikuwepo, wamevaa vizuri, wanazungumza habari za mvua. Mke wa mzee alimwona, akajipapasa. "Hee, chupa nimeisahau nyumbani!" Na mwenzake naye alikuwa ameisahau. Walikuwa wamesema kwa vinywa vyao kwamba ni uongo, na mimi nilisimama pale nikahesabu chupa sikuona hata moja.

Ndipo wakaja wapagazi wa bandarini, na wauza mkaa, na mama wa kufua nguo, Wamakua wa mitaa ya chini ambao miaka yote huambulia matone. Walisimama mbali, kwa woga, wameficha chupa kwenye kanga. Tombo akawaita.

Chupa ya mwisho aliipeleka ng'ambo ya barabara. Bibi Velo alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, maana tangu siku ile hakukaa tena juu mbele ya mkwewe, kwa kisirani au kwa hofu, mwenyewe hajui. Kiti chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani.

Kalozara aliipokea chupa kwa mikono miwili. Hakuuliza wamemwosha nani. Akamtazama Bibi Velo, mjane wa Namuka, mama wa wachota maji, kisha akakichukua kiti, akakipangusa kwa kile kitambaa chenye mstari mwekundu, akakiweka mbele yake.

Bibi Velo alimkodolea macho, akitafuta nani yuko ndani.

"Nani anasema nikae?" aliuliza. "Wewe, au yule?"

"Kaa, mama," alisema Kalozara.

Bibi Velo akakaa.